Darasa la Awali katika Kilosa na Mikumi: Jinsi ya Kulipima

Mara nyingi twasikia barazani maneno haya: "Darasa la awali la shule yetu halifai kitu, watoto hawajui hata kushika kalamu." Maneno hayo huenda yakawa kweli, tena huenda yakawa si kweli. Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kupima kazi ya darasa la watoto wadogo, na kwa mfano nachukua wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro.

Darasa la awali ni darasa la kumtayarisha mtoto kabla ya kuingia la kwanza. Humo hujifunza kusikiliza, kusema, kuhesabu vitu, kuchora, kuimba, na kukaa na wenzake kwa adabu. Mwaka 1995 Serikali ya Tanzania iliagiza kila shule ya msingi iwe na darasa hilo. Sera ya mwaka 2014 ikalifanya la lazima kwa mwaka mmoja. Mwezi wa Januari 2016 ada ikaondolewa. Basi, watoto walioandikishwa nchi nzima, ambao mwaka 2015 walikuwa kama milioni 1, walizidi milioni 1.5 mwaka 2016. Lakini walimu hawakuongezeka hivyo. Kanuni yataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwaka ule, katika shule za Serikali, kila mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo alikuwa na watoto zaidi ya 100.

Sasa tuwatazame watu wa Kilosa. Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 438,175. Ile ya mwaka 2022 ilipata 617,032. Katika miaka kumi wameongezeka watu 178,857. Tena si watu wa namna moja. Wako Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wenyeji wa milima na mabonde; wako watu waliotoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa; wako na wafugaji, Wamaasai na wengineo, wanaohama kufuata malisho. Mtoto wa mjini huja shuleni anakijua Kiswahili tangu utoto. Mtoto wa boma la wafugaji huenda akakisikia darasani kwa mara ya kwanza. Kuwapima hao wawili kwa kipimo kimoja, siku moja, si haki.

Njia nazo si sawa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, na maelfu ya watu wa Kilosa wakaacha nyumba zao. Hata katika masika ya kawaida kijito kidogo hutosha kumzuia mtoto wa miaka mitano. Na upande wa Mikumi, vijiji vinapakana na hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964, na mzazi mwenye akili hamwachi mtoto mdogo apite peke yake njia ya tembo.

Haya, na tufanye hesabu. Tuseme daftari la darasa lina majina 80. Siku ya kupimwa wamefika watoto 50, na 30 kati yao wakaweza kuhesabu vijiti mpaka kumi. Mtu wa kwanza atasema: 30 katika 50, yaani 60 kwa mia, wamefaulu. Wa pili atasema: 30 katika 80, hawafiki hata 40 kwa mia. Wa tatu amezunguka vitongojini na kuona kwamba watoto wa umri ule ni 120. Yeye atasema: 30 katika 120, robo tu.

Wote watatu wamehesabu sawasawa. Hesabu ya kwanza yatueleza habari za mafundisho. Ya pili yaonyesha pia mahudhurio, yaani wazazi, njaa na njia. Ya tatu yapima kijiji kizima. Tukiitazama ya kwanza peke yake, shule inayowaacha nje watoto wa mbali na wa wafugaji itasifiwa kuwa hodari, na ile inayowapokea wote italaumiwa. Hapo tutakuwa tumemwadhibu mwalimu kwa wema wake, na watoto walioachwa hawataonekana katika hesabu yo yote.

Madhara yake huonekana baadaye. Darasa la awali halina mtihani wa taifa. Mwalimu humtazama mtoto na kuandika maendeleo yake. Lakini katika darasa la pili watoto hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na yule aliyeanza la kwanza bila matayarisho huonekana mjinga, kumbe alichelewa tu kufunguliwa mlango.

Yafaa basi kufanya mambo matatu. Kwanza, mwenyekiti wa kitongoji aandike kila mwaka majina ya watoto waliofikia umri, pamoja na wa maboma. Pili, wazazi wachangie uji, na watu wazima wapokezane kuwasindikiza watoto wa mbali. Tatu, mahali palipo mbali sana pajengwe shule shikizi, yaani madarasa machache karibu na nyumba za watu. Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za vyumba 3,000 vya namna hiyo nchini.

Na katika mkutano ujao wa kijiji, kabla hamjamsifu wala kumlaumu mwalimu, mwombeni hesabu zote tatu: waliopo kijijini, walioandikishwa, na waliofika.