Je, Wajua? Rangi za Skrini Hufuata Aliyeingia

Je, wajua kuwa watu wawili wanaopokezana kompyuta moja wanaweza kuiona picha ileile kwa rangi tofauti? Chanzo ni profaili ya rangi, faili linalozieleza programu jinsi skrini hiyo inavyotoa nyekundu, kijani na bluu. Tangu Windows Vista, kila akaunti, hata isiyo na madaraka ya msimamizi, inaweza kujichagulia profaili yake. Anayeingia baada yako hukuta aliyoichagua mwenyewe.

Faili lenyewe ni dogo ajabu. Profaili ya sRGB iliyoenea kwenye kompyuta nyingi ina baiti 3,144 tu. Na ndani ya kila profaili ya ICC, kuanzia baiti ya 36, zimo herufi nne: acsp, yaani Apple ColorSync Profile. Ndiyo, hata kwenye Windows! ICC, umoja ulioundwa mwaka 1993 na kampuni nane, Microsoft ikiwamo, ulianzia kwenye kazi ya Apple.

Je, wajua kuwa Windows huweka profaili za monita kwenye folda za printa? Njia yake ni System32\spool\drivers\color. La kushangaza zaidi, ingawa folda hiyo imo ndani kabisa ya mfumo, kwa kawaida mtumiaji asiye msimamizi anaruhusiwa kuongeza faili humo. Wataalamu wa usalama wanaijua vizuri: kanuni za awali za AppLocker, kizuizi cha programu cha Windows, huruhusu programu yoyote iliyomo chini ya folda ya Windows kufanya kazi, kwa hiyo mjanja anaweza kuificha yake kati ya profaili. Fundi wa ofisini kwenu akiwa ameufunga mlango huo, msimlaumu.

Kikwazo halisi cha asiye msimamizi kiko kwingine. Kupima skrini kwa kifaa huzaa vitu viwili: profaili, ambayo programu huisoma, na jedwali la marekebisho, ambalo hupakiwa kwenye kadi ya grafiki. Vista ilikuwa na kasoro ya kuchekesha hapa. Kila dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi lilipojitokeza na skrini kufifia, jedwali lilifutika, na rangi zikarudi zilivyokuwa kabla ya kupimwa. Ulinzi wa akaunti ndio ulioharibu rangi! Windows 7 ilileta uwezo wa kulipakia jedwali hilo yenyewe, lakini kisanduku cha kuuwasha kimewekwa kwenye mipangilio ya mfumo mzima, na huko anafika msimamizi peke yake.

Kwenye Mac mambo ni mepesi: profaili zako hukaa Library/ColorSync/Profiles ndani ya folda yako ya nyumbani. Linux nayo hutumia .local/share/icc.

Basi, ukiwa na akaunti ya kawaida kwenye Windows, andika colorcpl kwenye sehemu ya kutafuta, chagua monita yako, weka tiki kwenye kisanduku cha kutumia mipangilio yako, kisha ongeza profaili. Kama skrini imepimwa kwa kifaa, mwombe msimamizi jambo moja tu: aende kwenye mipangilio ya mfumo mzima, awashe urekebishaji wa skrini wa Windows.