VITONE VYA KIOO CHA KOMPYUTA



Tazama mkeka uliosukwa kwa chane pana. Ukitaka kutia ua dogo ndani yake, ua hilo halitapendeza. Kingo zake zitaonekana kama ngazi. Sasa tazama mkeka wa chane nyembamba. Ua lile lile litaonekana vizuri, kwa sababu chane ni nyingi na ni ndogo.

Kioo cha kompyuta nacho kiko hivyo. Herufi unazoziona juu yake si za wino. Ni vitone vidogo vya mwanga vilivyopangwa kwa mistari. Wataalamu huviita pikseli. Vitone vikiwa vikubwa, herufi huwa na kingo mbovu. Vitone vikiwa vidogo na vingi, herufi huonekana safi kama zilizopigwa chapa kitabuni.

Vitone huhesabiwaje?

Hesabu vitone vya upana, kisha vya urefu, halafu zidisha. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina vitone 1366 kwa 768. Jumla yake ni 1,049,088. Nyingine zina 1920 kwa 1080. Hizo ni 2,073,600.

Chukua kijiti, uchore mraba chini. Gawa kila upande mara mbili, kisha unganisha mistari. Utapata miraba minne. Kwa hiyo, vitone vikiongezwa mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, jumla huongezeka mara nne. Kumbuka jambo hili. Litatusaidia mbele.

Uvumi ulianzaje?

Mwaka 2010 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa simu iitwayo iPhone 4. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima ni karibu inchi moja. Katika inchi moja ya kioo cha simu hiyo mlikuwa na vitone 326. Simu ya kabla yake ilikuwa na 163 tu.

Watu wakaanza kuuliza: je, kompyuta za kukunja, yaani laptopu, zitapata vioo kama hivyo lini? Kampuni ilinyamaza. Lakini mwaka 2011 programu mpya ya kuendeshea kompyuta zake ilionekana ina njia ya kuchora herufi na picha kwa vitone maradufu. Watu wakasema: mama hashoni nguo za mtoto bila sababu. Uvumi ukaenea.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwezi wa Juni 2012 laptopu hiyo ilitoka. Ilikuwa na kioo cha inchi 15 chenye vitone 2880 kwa 1800. Ile ya zamani ilikuwa na 1440 kwa 900. Zidisha mwenyewe: kutoka 1,296,000 hadi 5,184,000. Ni mara nne, kama mraba wako.

Lakini si kila lililosemwa lilitimia. Wengine walisema laptopu zote za kampuni hiyo zingebadilishwa karibuni. Ile nyepesi iitwayo MacBook Air ilipata kioo cha namna hiyo mwaka 2018. Aliyeanza kuingojea mwaka 2012 alingoja miaka sita. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Vitone vingi vina gharama

Kila kitone lazima kiwashwe na kuongozwa. Vitone vikiongezeka, kazi ya mashine huongezeka, na umeme huliwa zaidi. Mwaka 2012 Apple ilitoa iPad mpya yenye vitone mara nne ya ile ya mwaka 2011. Ilibidi itiwe betri kubwa zaidi. Uzito wake ukapanda kutoka gramu 601 hadi 652, lakini saa za kufanya kazi zilibaki zile zile 10.

Bei nayo hupanda. Ile laptopu ya Juni 2012 ilianzia dola 2,199. Siku hiyo hiyo kampuni iliuza nyingine ya inchi 15 yenye kioo cha kawaida, kuanzia dola 1,799. Tofauti ni dola 400, ingawa kioo si kitu pekee kilichozitofautisha.

Wewe ufanye nini?

Tuseme kikundi chenu kimeweka akiba ili kununua kompyuta ya kuandikia hesabu na barua. Mwanachama mmoja anasema: "Tusinunue sasa. Nimesikia mwakani zinakuja zenye vioo vizuri zaidi." Msimpuuze, wala msimfuate upesi. Mwulizeni:

1. Habari hii imetoka kwa nani? Kampuni yenyewe imetamka, au ni maneno ya watu?
2. Siku na bei vimetajwa?
3. Kazi yetu inahitaji vitone vingi hivyo?
4. Tukingoja, kazi gani itasimama?

Mwenye kazi ya picha au ramani hufaidika sana na vitone vingi. Mwenye kuandika majina na hesabu za kikundi anaweza kufanya kazi yake vizuri kwa kioo cha kawaida. Afadhali fedha itakayobaki inunue betri au ilipe fundi.

Tena, jihadhari. Kioo kizuri hakitibu macho. Watu wengi wakipita miaka 40 huanza kuona herufi za karibu kwa shida. Ikiwa unasogeza kitabu mbali ndipo usome, nenda kapimwe macho. Huenda unahitaji miwani, wala si kompyuta mpya.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mkeka wa chane nyembamba huonyesha ua vizuri?
2. Kioo chenye vitone 800 kwa 600 kina jumla ya vitone vingapi?
3. Taja uvumi mmoja uliowahi kufika kijijini. Ulitimia? Uligharimu nini?