Vumbi la Breki Uani Kwetu

Jumapili asubuhi mwenye gari hutoka uani na jeki, spana, na pedi mpya za breki ndani ya kiboksi. Kazi yenyewe si ngumu. Mwandishi wa makala haya huifanya kwa mikono yake, na mwenye kuzoea spana humaliza magurudumu mawili ya mbele kabla ya chakula cha mchana. Gurudumu likishatolewa, huonekana diski ya chuma iliyong'azwa na msuguano, na juu yake kalipa inayozishika pedi. Ndani ya kalipa hiyo mna vumbi jeusi lililogandamana. Hapo wengi wetu huinama, tukajaza pumzi, tukalipuliza. Gerejini hupulizwa kwa hewa ya kompresa. Mtoto aliyeshika tochi hulipokea usoni pamoja na baba yake.

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, pedi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba mno zinazostahimili joto. Aina iliyotumika zaidi katika breki ni ile nyeupe, yaani krisotaili. Nyuzi za asbesto zikivutwa huweza kufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake mwili hushindwa kuziondoa. Madhara yake ni makovu ya mapafu yaitwayo asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesotelioma, ambayo ni saratani ya utando unaoyafunika mapafu au unaotanda tumboni. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa mesotelioma kutoka maeneo ya machimbo ya asbesto katika Cape, Afrika Kusini. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na machimbo. Ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kulivuta vumbi lenyewe.

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Joto la breki huzigeuza nyuzi nyingi kuwa madini mengine, hivyo vumbi la pedi iliyochakaa hubakiwa na asbesto kidogo, na wanasayansi wamebishana kwa muda mrefu juu ya kiasi cha hatari inayompata fundi wa breki. Hatari yake hailingani na ya mchimbaji. Lakini fundi anayeikwangua pedi mpya kwa msasa au kwa jiwe la kusagia, ili ikae vizuri, hurusha nyuzi ambazo bado hazijapikwa na joto lolote. Mazoea hayo, kwa maoni yangu, ni mabaya kuliko kupuliza.

Japani ilipiga marufuku pedi za asbesto mwaka 2004, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008, na Marekani ikaipiga marufuku krisotaili mwaka 2024. Hata hivyo, gari lililoshuka bandarini kutoka Japani huenda limekwisha kubadilishwa pedi mara kadhaa tangu siku hiyo, tena kwa pedi ambazo kiboksi chake hakisemi zimetengenezwa kwa kitu gani. Kwa macho asbesto haitambuliki. Na pedi zisizo na asbesto nazo hutoa vumbi la chuma na shaba ambalo halina faida kwa pafu la mtu yeyote. Basi kila vumbi la breki lichukuliwe kama lenye asbesto.

Dawa yake ni maji. Kabla ya kugusa chochote, tandika gazeti au nailoni chini ya gurudumu, waondoe watoto, kisha nyunyizia kalipa na diski maji yenye sabuni kidogo kwa chupa ya kupulizia, taratibu, mpaka vumbi lilowe. Lifute kwa kitambaa kibichi. Usitumie brashi kavu. Kitambaa na gazeti vitiwe katika mfuko wa plastiki na kufungwa vingali vibichi. Barakoa ya kitambaa, na hata ile ya hospitali, haizuii nyuzi hizi vya kutosha. Nguo za kazi zisikung'utwe, wala zisichanganywe na za familia. Wapo wake wa wafanyakazi wa asbesto waliopata mesotelioma kwa kufua nguo za waume zao.

Mengine ni ya ufundi. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini. Magurudumu ya nyuma hutiwa kabari, na gari likishainuliwa hukalishwa juu ya stendi imara, kwa maana jeki pekee huteleza na chuma hakimsubiri mtu atoe mguu. Kalipa hufungwa kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Pistoni inaporudishwa ndani, mafuta ya breki hupanda katika kikopo chake na huweza kufurika. Yapunguze kwa bomba la sindano, kamwe si kwa kuyanyonya kwa mdomo. Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla ya kuliondoa gari, kwani mkanyago wa kwanza huzama mpaka sakafuni.

Mafuta hayo ya breki mara nyingi huwa na glaikoli, na nyumbani kwetu masalio huwekwa katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima. Anaweza kupepesuka kama mlevi, na figo zikaumia baadaye.

Kwa wenzetu wa zahanati na vituo vya afya lipo ombi moja. Mwaka 1700 tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini aliwashauri matabibu wamuulize kila mgonjwa kazi yake. Fundi gereji akija na kikohozi cha wiki kadhaa tunampima kifua kikuu, na ni sahihi. Vipimo vikionyesha hana, naye anazidi kuishiwa pumzi, au picha ya kifua ikaonyesha maji upande mmoja, aulizwe kazi zote alizowahi kufanya, hata alizoziacha miaka 30 iliyopita, na kama breki zilipulizwa au zilisagwa karibu naye. Aulizwe pia sigara, kwa sababu asbesto na sigara kwa pamoja huongeza saratani ya mapafu kupita kila moja ikiwa peke yake. Majibu yaandikwe katika faili lake kabla ya kumpa rufaa, maana daktari wa huko juu mara nyingi hupokea karatasi iliyoandikwa "mkulima" au "mstaafu" tu.