Lori Likikosa Nguvu Mlimani

Ndugu mkulima, pamba imevunwa, lori limejaa, lakini mlimani linatambaa na kutoa moshi mweusi. Usikimbilie kununua tabo mpya.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini, nayo husukuma hewa kwenye silinda. Gurudumu lake laweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote, ndipo moshi huwa mweusi. Nguvu zikipungua bila moshi huo, anza na filta ya dizeli.

Haya, zima injini, ngoja ipoe. Kwanza, fungua filta ya hewa: je, imeziba vumbi? Pili, kagua mipira ya hewa toka tabo hadi injini. Palipolowa oili na kushika vumbi, mara nyingi hewa inavuja. Kaza vibano au badili mpira. Tatu, tafuta masizi kwenye maungio ya bomba la moshi kabla ya tabo; moshi ukivujia hapo, tabo haizunguki vizuri. Mwisho, vua mpira wa kuingizia hewa, uzungushe gurudumu kwa kidole. Kucheza kidogo si kitu. Likigusa ukuta au likikwama, hapo sasa mwite fundi.

Bei ya mpira si bei ya tabo, ndugu. Kagua kwanza, ndipo ufungue mkoba.