Sote Tumo Chomboni

Anayevuka Feri baada ya swala ya alfajiri aijua hali ilivyo. Watu wa Likoni na Kwale wateremka kwa maelfu kuja kisiwani kutafuta riziki. Wanafunzi wamo, wauza samaki wamo, wagonjwa waendao hospitali wamo. Kando yao matatu, malori na trela zimepanga foleni kungoja zamu. Yakadiriwa kuwa watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 huvuka hapa kwa siku. Magari mengi katika hayo hayazimwi injini. Dereva hungoja nusu saa, pengine saa nzima, huku moshi ukitoka; na karibu yake mama amemshika mkono mtoto wake, ambaye kimo chake chalingana na bomba la moshi.

Ndugu msomaji, juma hili tumependa kuzungumza na wenye magari hayo. Wengi wao si watu wa mbali. Ni jamaa zetu na majirani zetu, na tunasimama nao safu moja msikitini. Mwenye matatu mbili ni msafirishaji, na mwenye trela arubaini ni msafirishaji vilevile. Kwa mali yao watoto husomeshwa, madrasa hujengwa na mayatima hulishwa. Hatuidharau kazi yao hata kidogo. Swali letu ni moja: kile ambacho gari hukiacha nyuma baada ya kupita, ni nani akilipiaye?

Wanazuoni wetu wa fiqhi wana kanuni inayojulikana, kwamba mwenye kupata faida ya kitu ndiye abebaye na gharama yake. Yapata faida kampuni, basi na uchafu wake ni mzigo wake. Lakini tukitazama mjini mwetu, twaona mizigo hiyo imetuliwa kwa wengine. Tuitazame mmoja mmoja.

Tuanze na moshi. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kenya nayo ilianza mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa kidogo mno, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hiyo ni hatua njema, ila mafuta safi hayaisaidii injini ambayo filta yake imeziba na nozeli zake zimechakaa. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa, nayo ni fedha ya mwenye gari inayopotea hewani. Lori kubwa lisimamapo bila kuzimwa huweza kuteketeza lita 2 hadi 3 kwa saa.

Tulimuuliza dereva mmoja wa lori pale foleni, kwa adabu, kwa nini hazimi. Alitujibu kwamba gari lake ni la kusukumwa. Stata mbovu, betri imechoka, na tajiri amemwambia angoje mwezi ujao. Akizima na zamu ikafika, gari lisiwake, atazuia foleni nzima na kutukanwa na kila mtu. Basi haifai tumlaumu yeye peke yake. Moshi ule wa asubuhi chanzo chake ni ofisini, katika hesabu ya mtu aliyeona stata yaweza kungoja.

Mzigo wa pili ni oili chafu. Gari likibadilishwa oili gerejini, ile iliyotoka huenda wapi? Mara nyingi humwagwa mchangani au mtaroni, na mitaro ya kisiwa chetu huishia baharini. Twakumbuka mwezi wa Aprili 2005, meli ya mafuta Ratna Shalini ilipomwaga zaidi ya tani 200 za mafuta ghafi bandarini Kilindini. Mafuta yakaingia hori ya Port Reitz na mikoko mingi ikafa. Mkasa ule ulionekana, ukaandikwa na kuzungumzwa. Oili ya gereji haiandikwi, kwa kuwa hutoka debe moja leo na debe moja kesho. Lakini mizizi ya mkoko haitofautishi mafuta ya meli na mafuta ya matatu, na kaa, kamba na samaki wanaokulia mikokoni ndio riziki ya wavuvi wetu na kitoweo cha nyumba zetu.

Wa tatu ni betri kuukuu. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Owino Uhuru, Mikindani, ni jirani. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kupata risasi kiliendeshwa pale ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa mwaka 2014. Risasi ilikwisha kuingia katika udongo, maji na damu za watoto. Bi Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mtoto wake mwenyewe akaugua, ndiye aliyeongoza madai ya wakazi. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu iliithibitisha haki yao Desemba 2024. Betri zile hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka katika magari, zikauzwa na watu ambao hawakuuliza ziendako.

Wa nne ni tairi. Tairi kuukuu likitupwa nyuma ya nyumba, mvua ya masika hujaa ndani yake, na humo mbu wa homa ya dengi hutaga. Mombasa imepatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Likichomwa, moshi wake wenye sumu huingia madirishani mwa majirani.

Yote haya yana dawa, wala si ghali kama inavyodhaniwa. Mwenye kampuni na awe na daftari la kila gari: siku ya kubadilisha oili, filta na nozeli. Stata na betri zihesabiwe pamoja na breki, yaani vitu visivyongojeshwa. Oili chafu iwekwe katika pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji, ikabidhiwe mchukuzi mwenye leseni ya NEMA, na risiti ihifadhiwe. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayeweza kuonyesha aipelekako. Tairi ziwekwe chini ya paa mpaka zipate mchukuzi. Dereva aambiwe wazi kwamba foleni ikisimama injini izimwe, na anayeokoa mafuta apewe fungu la kile alichookoa. Tunaamini dereva huyo atazima bila kukumbushwa mara ya pili.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Chupa ya maji itupwayo kutoka ubavuni mwa feri si ya kampuni yoyote, ni yetu. Tena tuna haki na wajibu wa kusema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 humruhusu kwenda mahakamani bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amedhurika. Lakini kabla ya mahakama kuna nasaha. Tajiri wa gari lile lenye moshi pengine twamfahamu. Twaweza kumwendea baada ya swala, faraghani, kwa maneno mazuri.

Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), mfano ambao Mtume (S.A.W.) alitupigia. Watu walipiga kura chomboni, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasimuudhi mtu. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote; wakiwazuia, wataokoka wote.

Wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kupunguza usumbufu, kama tajiri aahirishaye stata na fundi amwagaye oili mtaroni jioni ili afunge mapema. Kesho alfajiri tutakuwa Feri tena, wenye trela na wenye vikapu, juu ya sakafu moja na maji yale yale chini yetu. Mwenye gari na aanze na gari lake moja, juma hili, na jirani yake amsaidie.

Wabillahi tawfiq.