Daraja la Lufira

Zipo nchi ambamo madaraja ya mbao yameezekwa paa kama nyumba. Wanafunzi wengi wameona picha ya lile la mji wa Luzern, katika Uswisi, lililojengwa katika karne ya 14. Huitwa Daraja la Kikanisa, kwa sababu ya kanisa dogo la Mtakatifu Petro lililo karibu. Paa lile si pambo: mbao zinyeshewazo mwaka hata mwaka huoza, na ni nafuu kubadili vigae kuliko kujenga daraja. Walakini paa halizuii kila adui. Mwezi wa Agosti 1993 sehemu kubwa ya daraja lile iliteketea kwa moto, ikabidi kuijenga upya.

Sisi wa Katanga hatuna madaraja ya namna hiyo. Lakini tunalo moja lenye historia nzito, nasi twalikwenda kulitazama, tukitoka mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, na kushika njia ya Likasi. Safari yote ni kilometa 120 hivi, na mto Lufira hukutwa kabla ya kufika mjini.

Ndugu msomaji, ukisimama ukingoni huoni kitu cha ajabu: maji, majani marefu, na barabara ipitayo juu. Lakini sikia yaliyotokea. Tarehe 13 Septemba 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, askari wa Ayalandi wapatao 155, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walishambuliwa huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wengi wao walikuwa katika Misa. Mkuu wao, Pat Quinlan, aliomba msaada. Kikosi kilitoka Elisabethville mara mbili kwenda kuwaokoa, na mara mbili kikazuiwa kwenye daraja hili hili. Wenye kuzingirwa waliishiwa na risasi na maji. Helikopta moja ikawafikia na maji, lakini vyombo vilikuwa vimetiwa petroli zamani, hayakunyweka. Na Lufira umejaa maji, si mbali! Tarehe 17 wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa pale, jambo ambalo sisi twaliona kubwa kuliko ushindi.

Mwisho wa mwaka 1962 vita vilirudi. Askari wa Katanga, wakirudi nyuma, waliyabomoa madaraja ya Lufira, la barabara na la reli, wapate kuwazuia askari wa India. Wahindi walivuka hata hivyo, wakaingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963, na mwezi uo huo kujitenga kukakoma. Hasara ya daraja ikabaki kwa wenyeji, waliolihitaji kwa mihogo na wagonjwa wao.

Mwenye kwenda na watoto asisimame juu ya daraja. Malori ya shaba na kobalti, yaelekeayo mpaka wa Kasumbalesa, hayana subira. Egesheni motokari mbali, mshuke kwa miguu hadi majini.