Chupa Ndogo ya Praima na Hatari Inayopuuzwa Saluni

Kwenye meza ya fundi wa kucha, iwe katika saluni ya Kasulu mjini au kibanda cha jirani na stendi ya Kibondo, vitu vinavyovuta macho ni rangi, unga wa akriliki na mawe ya kung'aa. Praima haivutii macho ya mtu. Ni kimiminika cheupe kama maji, kimejaa katika chupa inayoenea kiganjani, nacho hupakwa kwa sekunde chache kabla ya kazi yenyewe kuanza. Wateja wengi huondoka bila kujua kwamba walipakwa. Hata hivyo, kwenye meza ile hakuna chupa inayoweza kuunguza ngozi au jicho haraka kama hiyo.

Ukucha wa mtu umeumbwa kwa keratini, protini ileile ya nywele. Ni matabaka membamba ya seli zilizokufa yaliyobanana, na unene wake wote unakaribia nusu milimita. Juu yake kuna mafuta na unyevunyevu, vitu viwili ambavyo akriliki haishikani navyo. Praima huingia hapo katikati: upande mmoja wa molekuli yake hushika keratini, upande wa pili huungana na akriliki wakati inapoganda. Fundi rangi naye hutanguliza praima ukutani kabla ya rangi, kwa sababu inayofanana na hiyo. Tabaka jembamba likishaenea juu ya ukucha, kazi imekwisha. Tone la ziada halina cha kushika. Hutiririka pembeni hadi kwenye ngozi.

Sokoni chupa hizi huchanganywa, na kosa huanzia hapo. Ipo dawa ya kukausha ukucha, ambayo huondoa mafuta na unyevu tu, kisha hupeperuka. Ipo praima ya asidi, ambayo kiini chake ni asidi ya methakriliki, kemikali inayoweza kubabua ngozi na kuliharibu jicho. Halafu ipo praima isiyo na asidi hiyo, ambayo ni pole zaidi kwa ngozi ingawa nayo inaweza kuleta mzio. Kwa kuwa lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza, mteja asiyeijua lugha hiyo anaweza kukariri maneno mawili tu: chupa yenye "methacrylic acid" ni ile kali, na yenye "acid-free" ni ile pole. Chupa isiyo na lebo, au iliyomiminiwa dawa kutoka chupa nyingine, isikubaliwe hata kama fundi ni rafiki wa miaka mingi.

Sasa fikiria mikono ya nyanda za juu za Kigoma. Mwanamke wa Kasulu huyo huyo anayetaka kucha ndefu kwa ajili ya harusi ya mdogo wake ndiye atakayemenya mihogo, kufua kwa mikono, kupika kwa mawese na kuchambua maharage. Mafuta na maji hayaishi mikononi mwake. Kasulu na Kibondo, miji ya nyanda hizo, iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kweli. Akriliki nayo huganda polepole penye baridi. Kucha zikibandikwa kwa haraka katika hali hiyo, hazimalizi wiki. Mteja anarudi na ombi linalosikika katika saluni nyingi: "Dada, safari hii niongezee ile dawa, zishike vizuri."

Ombi hilo halifai kukubaliwa. Ukucha uliobanduka mapema mara nyingi haukuandaliwa vizuri: mafuta yalibaki, vumbi la tupa halikufutwa, kijingozi cha kwenye shina hakikusukumwa nyuma, au ukucha wa bandia ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa mtu anayeshika jembe na ndoo. Praima haiponyi hata kosa moja kati ya hayo. Ikiongezwa huunguza, na kucha hubanduka vilevile.

Fundi makini huonekana kwa anavyotumia muda wake. Ananawa na kumnawisha mteja, kisha anasubiri mikono ikauke kabisa. Anaondoa mng'ao wa ukucha kwa tupa laini bila kuukwangua hadi ukawa mwembamba, anafuta vumbi, anapaka dawa ya kukausha. Brashi ya praima anaikamua kwenye mdomo wa chupa, anagusisha katikati ya ukucha na kuiacha dawa ienee yenyewe, akikomea mbali kidogo na ngozi. Ya asidi ikikauka huacha weupe kama wa chaki. Isiyo na asidi hubaki na unato kidogo, na haifai kupakwa tena kwa kudhani haijakauka. Praima huenda kwenye ukucha wa asili peke yake. Haipakwi juu ya plastiki ya kubandika, wala juu ya ukucha wenye kidonda, ufa au fangasi.

Imani moja inastahili kupingwa bila kuoneana haya: kwamba dawa ikichoma ndiyo inashika. Maumivu maana yake ni kwamba dawa imefika kwenye ngozi, au ukucha umekwanguliwa hadi ukawa mwembamba mno. Mteja ana haki ya kuuvuta mkono wake na kuomba maji. Ngozi iliyoguswa na praima ya asidi isafishwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa. Jicho lisafishwe vivyo hivyo bila kusuguliwa, kisha mtu akimbizwe hospitali, iwe ya wilaya Kibondo au Kabanga huko Kasulu, na chupa ipelekwe pamoja naye ili daktari aisome. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu asidi itamuunguza koo mara ya pili.

Wanaomeza kwa kawaida ni watoto. Huko Marekani visa vya watoto kuunguzwa na praima viliifanya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji itoe kanuni mwaka 1999: bidhaa ya majimaji ya nyumbani yenye zaidi ya asilimia 5 ya asidi ya methakriliki lazima ifungwe kwa kifuniko ambacho mtoto mdogo hawezi kukifungua. Saluni nyingi za miji yetu ziko sebuleni au barazani, na mtoto wa fundi hucheza miguuni pa mteja. Kwa hiyo chupa ikae juu, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Madhara mengine hayaonekani siku hiyohiyo. Praima, akriliki na jeli ni za ukoo mmoja wa kemikali, na mwili unaweza kuzikataa baada ya kuzivumilia kwa miezi au miaka. Vidole huwasha na kupasuka, ukucha huinuka kutoka kwenye nyama yake, na wakati mwingine kope za macho huvimba kwa sababu mtu alijigusa usoni. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu maisha yake yote. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu jambo hilo, kikieleza kwamba mwenye mzio anaweza kupata taabu baadaye kwa daktari wa meno au akihitaji upasuaji wa nyonga, kwani kemikali za ukoo huohuo hutumika katika kuziba meno na kushikiza nyonga bandia. Fundi yuko hatarini zaidi kuliko mteja, maana yeye huzigusa kila siku. Anahitaji glavu za nitrili anazobadilisha mara kwa mara, na dirisha lililo wazi hata asubuhi ya baridi.

Septemba 2018 suala la kucha lilifika bungeni Dodoma, ambako Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge kuingia ukumbini na kucha au kope za bandia. Saluni hazikuguswa na amri hiyo. Linalosimamia ubora wa vipodozi nchini tangu 2019 ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililopokea jukumu hilo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mteja mwenye shaka na bidhaa ana pa kulipeleka lalamiko lake.

Hata praima iliyopakwa vizuri haizuii ukucha kuinuka siku moja. Ukiinuka, maji ya kufulia hujipenyeza chini yake na bakteria huzaliana, wakati mwingine hadi ukucha ukageuka kijani. Kubandika ukucha mpya juu ya ule wa kijani ni kufungia ugonjwa ndani. Kwa sababu hiyohiyo ya vijidudu, Shirika la Afya Duniani linawataka wahudumu wa afya wanaowagusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kujifunza kitu hapo.

Kuziondoa nako kunahitaji subira. Akriliki hulainishwa kwa asetoni, mbali na jiko la mkaa na kibatari, mpaka itoke kwa kusukumwa taratibu. Anayeing'oa kwa meno au kwa kisu hutoka na matabaka ya ukucha wake mwenyewe, na ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Aliyeng'oa zake mwezi Juni atasubiri hadi Novemba au Desemba kupata ukucha mzima, na katika miezi hiyo asibandikwe kitu wala asipakwe praima ya aina yoyote.